Siku ya 14

Kwa miaka tisa nilikuwa nikiingia kidato cha tatu na chaki mkononi, nachora duara ubaoni. Juu ya duara naandika 1, chini kabisa naandika 14, na pale duara linapokaribia kufunga naandika 28. Siku ya 1 ni siku damu ya hedhi inapoanza. Siku ya 14 yai linapevuka na kutoka. Siku chache kabla na baada yake ndizo siku za hatari. Wanafunzi wananakili, wavulana wa nyuma wanachekacheka, kengele inalia, wiki inayofuata tunaingia mada nyingine.

Mwaka wa kumi duara lile lilikuwa kwenye daftari langu mwenyewe, nyumbani Kihonda, mjini Morogoro. Nilikuwa na miaka 31, nimeolewa, natafuta mtoto, na zile siku za hatari ndizo nilizozihitaji kuliko siku nyingine zote. Nilizifuata kama nilivyozifundisha. Ukapita mwaka, ikapita na miezi miwili juu yake, sikushika mimba.

Mume wangu ni dereva wa lori. Anapakia bandarini Dar es Salaam, anapita Msamvu hapa kwetu, anateremka hadi Tunduma, kilomita zaidi ya 900 kutoka Dar, kisha anavuka kuingia Zambia na kusonga mpaka Lubumbashi. Foleni za mipakani zikiwa na huruma anarudi baada ya wiki tatu. Zisipokuwa na huruma, mwezi unaisha. Akifika nyumbani analala siku nne, tano, anaondoka tena. Mke na mume wanaolala kitanda kimoja kila usiku wanaweza wasijue siku zao na bado wakapata mtoto, maana siku zenyewe zitawakuta palepale. Sisi ilibidi tuzijue.

Kwa hiyo nilikuwa nampigia simu: mwezi huu ni Alhamisi. Mara mbili aliomba wenzake wabadilishane safari ili Alhamisi imkute nyumbani. Alifika, tulikuwa pamoja, Ijumaa alfajiri akawasha gari. Siku ya 28 ikifika sioni damu. Siku ya 29, sioni. Ya 31, ya 33, naamka usiku kujipima joto la mwili kwa mkono, nimeshaanza kuchagua majina. Siku ya 35 damu inakuja. Ndivyo ilivyokuwa mwezi baada ya mwezi: wiki nzima ya matumaini, halafu kilio bafuni maji yakiwa yamefunguliwa.

Mimi ni Mluguru. Kwetu ukoo unafuata kwa mama, na mtoto wa tumbo langu ni wa ukoo wangu, mjomba anamngoja. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Kyela, na kwao mtoto ni wa baba. Mtoto ambaye hajatungwa bado alikuwa anangojewa na koo mbili. Mama mkwe ni mpole, anauliza kwa kuzunguka: "Mwanangu, huko mnakula vizuri?" Wifi hazunguki. "Wifi, au tukuletee dawa ya kusafisha kizazi?" Akaileta, mizizi iliyochemshwa, chupa mbili za maji zilizojaa dawa ya rangi ya chai nzito. Nilizinywa zote. Hakuna aliyeweza kuniambia ndani yake mna nini, na mimi ni mwalimu wa baiolojia. Mwanamke anayetafuta mtoto anafika mahali ambapo elimu yake anaiweka pembeni kwa hiari, na sitamcheka yeyote aliyefika hapo.

Aliyenitoa hapo ni muuguzi mkunga wa kituo cha afya, mama mtu mzima anayekaribia kustaafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Mwalimu, mwezi wako una siku ngapi?"

"Ishirini na nane, mama."

"Umehesabu, au umesoma?"

Nilirudi nyumbani nikashusha kalenda ukutani. Nina tabia ya kutia alama ya kalamu nyekundu siku ninapoingia mwezini, lakini sikuwahi kukaa nikahesabu kutoka alama hadi alama; siku zilizozidi 28 nilizichukulia kuwa damu imechelewa tu. Siku hiyo nilihesabu. 34. 36. 35. 33. 35. 37. Hakuna 28 hata moja. Nilikuwa nabeba mwili huu kwa miaka mingi, na niliamini duara la ubaoni kuliko alama zangu mwenyewe.

Hapa naomba nieleze taratibu, kwa sababu ndipo penye kosa ambalo naona wengi tunalo.

Mwezi wa mwanamke una vipande viwili. Kipande cha kwanza kinaanza damu inapotoka na kinaishia yai linapotoka kwenye kifuko chake. Katika kipande hiki yai linakuzwa, na muda wa kulikuza haulingani. Kuna mwili unaomaliza kwa siku 10, kuna unaotaka 21, na mwili uleule unaweza kuharakisha mwezi huu na kuchelewa mwezi ujao kwa sababu ya ugonjwa, msongo wa mawazo, au kupungua uzito kwa ghafla. Kipande cha pili kinaanza yai likishatoka na kinaishia damu inayofuata. Hiki hakina mchezo mwingi. Kwa wanawake wengi ni siku 12 hadi 16. Mwezi ukirefuka au kufupika, kilichorefuka au kufupika kwa kawaida ni kipande cha kwanza.

Maana yake ni kwamba yai linahesabiwa kwa kurudi nyuma, kutoka damu inayokuja, na si kwa kwenda mbele kutoka damu iliyopita. Mwenye mwezi wa siku 28 ukitoa 14 unabaki na 14, ndiyo maana duara linampata. Mwenye siku 24 anapata siku ya 10. Mimi mwenye 35 napata siku ya 21. Jambo hili si geni. Daktari Kyusaku Ogino wa mji wa Niigata, Japani, alilichapisha mwaka 1924, na Hermann Knaus wa Austria alifikia karibu palepale katika muongo uleule. Karne nzima imepita, na sisi bado tunaandika 14 chini ya duara.

Basi nikaweka hesabu yangu sawa. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mwanamume, zikikuta ute mzuri, zinaweza kuishi mpaka siku tano. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Allen Wilcox walichapisha kazi yao juu ya wanawake 221 waliokuwa wanatafuta mimba na kuweka mkojo wao kila siku ili homoni zipimwe. Mimba zote ambazo siku yake ya yai ilijulikana zilitokana na kukutana ndani ya siku sita: siku tano kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe. Kesho yake mlango umefungwa. Na Alhamisi zetu, zile zilizomgharimu mume wangu safari, zilikuwa siku saba kabla ya yai langu. Mbegu zilikuwa zimekufa siku mbili kabla yai halijatoka, na mwenyewe yuko njia ya Mbeya.

Watafiti haohao waliandika tena mwaka 2000 kwamba ni wanawake wapatao 30 kati ya 100 tu ambao siku zao sita zote ziliangukia kati ya siku ya 10 na ya 17. Nilipoisoma hiyo niliweka simu chini. Nilifikiria madawati yangu 50 na kitu kila mwaka, kwa miaka tisa.

Lakini kuhesabu kurudi nyuma kuna ugumu wake: hujui damu inayokuja itakuja lini mpaka ije. Programu za simu nazo zinabahatisha kwa wastani wa miezi iliyopita. Ndipo muuguzi akanifundisha kuuangalia mwili wenyewe, na alianza na kitu ambacho mimi nilikuwa nakitibu kama ugonjwa.

Kila mwezi, siku fulani, nilikuwa naona majimaji yanayoteleza, mepesi, yanayovutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi la kuku. Nilikuwa najua ni uchafu. Nilikwenda duka la dawa zaidi ya mara tatu kununua dawa ya fangasi, na nikajiosha ndani kwa maji ya ndimu kama nilivyosikia kwa wenzangu. Ule ulikuwa ute wa uzazi. Yai linapokaribia kupevuka, homoni ya estrojeni inapanda na mlango wa kizazi unatoa ute huu ili mbegu zipate njia, chakula na hifadhi. Daktari John Billings na mkewe Evelyn, wa Melbourne, Australia, walitumia maisha yao kuwafundisha wanawake kuusoma. Ukiisha kuona damu, kwa kawaida unapita ukavu; kisha unakuja ute mzito unaonata kama gundi; kisha mweupe kama losheni; kisha huu wa kuvutika, na siku ya mwisho ya huu wa kuvutika iko karibu sana na yai. Baadaye unakauka tena. Mimi niliuona kuanzia siku ya 17 au 18. Nilikuwa nauosha kwa ndimu siku zilezile nilizohitaji uwepo.

Tofauti na ugonjwa ipo, na ni vizuri kuijua: ute wa uzazi hauwashi, haunuki, hauna rangi ya kijani wala mabonge ya kama mtindi uliokatika. Ukiona hayo, nenda ukapimwe. Usipoyaona, acha kujiosha ndani. Uke unajisafisha.

Alama ya pili ni joto. Yai likitoka, homoni ya projesteroni inapanda na kulipandisha joto la mwili kidogo, nyuzi 0.2 hadi 0.5 hivi, na linabaki juu mpaka siku zinapokaribia. Kidogo hicho hukipati kwa kipimajoto cha tarakimu moja baada ya nukta. Nilitafuta cha tarakimu mbili. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla sijainuka, kabla sijazungumza wala kunywa maji, nakiweka chini ya ulimi. Nilichora kwenye karatasi za grafu nilizokuwa nimewanunulia wanafunzi. Mwezi wa kwanza nukta zilitambaa kwenye 36.3 na 36.4, na siku ya 23 zikaruka hadi 36.7 na kukaa huko. Niliishika ile karatasi kama matokeo ya mtihani wa mwanangu. Mwezi wa pili malaria ilinikamata siku ya 15 na karatasi nzima ikaharibika.

Udhaifu wa joto ni kwamba linakuambia jambo likishapita. Ukiona limepanda, yai limetoka jana au juzi. Kwa mwezi huo halikusaidii. Linakusaidia kwa kukuonyesha, baada ya miezi miwili mitatu, tabia ya mwili wako, na kwamba yai kweli linatoka.

Alama ya tatu inauzwa: vijiti vya kuchovya kwenye mkojo vinavyopima homoni ya LH, ambayo hupanda ghafla saa 24 hadi 36 hivi kabla yai kutoka. Hapa nilijidanganya kwa siku nne. Sote tumezoea kipimo cha malaria, na pale mstari wa pili ukionekana hata kwa kufifia una malaria. Kipimo cha mimba nacho kina desturi hiyo. Kijiti cha LH sivyo. Homoni hii huwa ipo kidogo wakati wote, kwa hiyo mstari hafifu hauna habari yoyote. Mpaka mstari wa kipimo ukolee sawa na ule wa pembeni yake, au uuzidi. Mkojo mzuri ni wa mchana au jioni, na saa mbili kabla usinywe maji mengi yakauchuja. Anza kuchovya siku tatu nne kabla ya siku unayoikisia kwa kurudi nyuma. Ukianza siku ya 10 kama mimi vijiti vinaisha kabla ya kazi. Na mwenye vifuko vya mayai vyenye uvimbe mdogo mdogo mwingi, tatizo ambalo mara nyingi huambatana na miezi mirefu isiyotabirika, vijiti vinaweza kumwonyesha mstari mkolevu hata yai lisipotoka. Huyo aonane na daktari.

Kwetu sisi wa barabarani, kila alama ilipata kazi yake. Kijiti kikikolea na mume yuko Makambako, ana siku moja na nusu tu ya kufika, na sitaki mume wangu akimbize lori usiku kwenye milima ya Kitonga kwa sababu ya kijiti. Ute ndio ulioniambia mapema. Ute ukianza kubadilika nampigia, naye anajua ana siku nne hadi tano. Akisharudi hatukungoja siku moja teule. Kukutana kila siku au siku moja baada ya nyingine ndani ya zile siku kunatosha. Kulimbikiza mbegu kwa ajili ya siku moja hakuongezi bahati.

Kuna jambo muuguzi aliliweka mbele kabla sijanunua kijiti chochote. "Mwalimu, na mume naye apime." Niliogopa kumwambia. Nilijua wanaume wanaokataa, na wake zao wakabeba jina la tasa miaka na miaka. Katika karibu nusu ya nyumba zinazohangaika kupata mtoto, mwanamume ana sehemu katika tatizo, peke yake au pamoja na mkewe. Nilimwambia jioni moja tukiwa tunakula. Akanyamaza, akamaliza tonge. "Gari likikataa kuwaka hukagui upande mmoja," akasema. Kesho yake alikwenda.

Majibu yake: mbegu milioni 38 kwa mililita. Kiwango cha chini kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni milioni 16. Daktari alimshauri aache sigara, na kila akisimama ashuke atembee, kwa sababu korodani zinataka joto la chini kuliko la mwili, na kiti cha lori cha saa kumi kwa siku hakizipi. Mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa, kwa hiyo alichobadilisha leo kingeonekana baada ya miezi mitatu hivi. Mimi nilianzishiwa vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, ambavyo mwanamke anatakiwa kuvianza kabla ya mimba, kwa ajili ya uti wa mgongo wa mtoto.

Nisije nikamfanya mtu aamini kuwa daftari linatosha. Mwalimu mwenzangu alichora grafu nzuri kuliko zangu kwa mwaka mzima, joto likipanda kwa wakati kila mwezi. Alipopigwa picha ya eksirei yenye dawa, mirija yote miwili ilikutwa imeziba. Alipata maambukizi zamani bila kuumwa kokote. Klamidia hufanya hivyo. Kujua siku hakufungui mirija. Kama umejaribu miezi 12 bila mafanikio, nendeni wote wawili hospitali. Kama umeshafika miaka 35, msingoje zaidi ya miezi sita. Na kama siku zako zinapotea miezi, au zinakuja na maumivu ya kukulaza, msingoje kabisa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hupitia tatizo hili maishani. Darasani kwangu hao ni zaidi ya wanane.

Hata siku zikipatikana sawasawa, mwezi mmoja hauna ahadi. Tulikosa wa kwanza. Wa pili malaria. Wa tatu tulikutana siku tatu mfululizo, kijiti kikiwa kimekolea katikati yake, na damu ikaja. Nilijifunza kutoyaamini maziwa kuuma na uchovu, kwa sababu projesteroni ya kila mwezi inaleta yaleyale. Wa nne joto lilipanda siku ya 22. Siku ya 36 lilikuwa juu. Siku ya 38, juu. Lilipokaa juu siku 18 niliacha kuchora, nikapima mkojo. Mume wangu alikuwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwenye foleni. Alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Binti yetu sasa anasimama kwa kushikilia meza.

Nikiwa na mimba ya miezi mitano nilikutana na mwanafunzi wangu wa zamani stendi ya Msamvu, anauza maji na karanga. Aliacha shule akiwa na ujauzito, miaka kabla ya Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaweza kurudi darasani. Alinishika tumbo, akacheka, akanipa pole na hongera. Kisha akasema bila kinyongo chochote: "Mwalimu, mimi nilihesabu. Ilikuwa siku ya 8, nikajua bado." Nilimuuliza mwezi wake una siku ngapi. Ishirini na nne, akasema, wakati mwingine 23. Nilipanda basi nikiwa siwezi kuongea.

Niliporudi kutoka likizo ya uzazi nilifika kwenye mada ileile. Sikuchora duara. Nilichora mstari mrefu kutoka ukingo mmoja wa ubao hadi mwingine, nikaweka tone jekundu mwisho wa kulia, na kutoka hapo nikahesabu siku 14 kurudi kushoto. Chini yake nikachora mstari mfupi zaidi, na mwingine mrefu zaidi, kila mmoja na yai lake mahali pake. Hakuna aliyecheka. Msichana wa dawati la tatu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sasa nitahesabuje kutoka siku ambayo haijafika?"

Niliweka chaki chini, nikavuta kiti, nikaanza kuwaeleza habari za ute, wavulana na wasichana pamoja, mpaka kengele ikalia na hakuna aliyeinuka.